Motokari ya kushushwa: tulipe jeometri mbele ya kulipa janti

Ninyi vijana wa kazi ya shaba na kobalti, leo tunataka kusemezana juu ya zile motokari za kushushwa. Munazijua. BMW ya seri 3, Subaru Impreza, Toyota Altezza: tumbo karibu na gudro, janti inangaa, eshapoma inasikika toka barabara ya pili. Siku ya posho na siku ya Mungu zinapita mu Lubumbashi, mu Likasi, mu Kolwezi, na watoto wanakimbia inje kuangalia. Siye hatuko adui wa ile furaha. Mutu anashinda juma muzima mu vumbi, na botini na kaske, usiku na muchana. Akitaka kitu ya kupendeza siku ya kupumzika, ni haki yake. Wakongomani tunajua kuvaa, na motokari nayo ni vazi.

Kile tunakataa ni kingine. Motokari inashushwa asubuhi, mangaribi inatoka ku garaji, na hakuna mutu aliyepima namna magurudumu yanasimama. Janti zimelipwa. Rangi imelipwa. Muziki imelipwa. Jeometri, maana yake zile pembe za magurudumu manne, haikulipwa, juu haionekani. Na mu ile motokari hapandi kijana peke yake. Anapanda bibi yake, wanapanda watoto, anapanda mama mukwe anayekwenda kilio Likasi.

Tuanze na mupira, juu njo inakufa ya kwanza. Motokari ikiwa ku urefu wa kiwanda, gurudumu linasimama karibu wima. Ukiishusha, kichwa cha gurudumu kinaegama ndani, miguu inatoka inje. Mafundi wanaita ile pembe karosaji. Sasa motokari inakanyaga zaidi upande wa ndani wa mupira. Ukisimama kando, unaona mupira kama mupya, manyoya yake ya plastiki bado iko. Geuza volani ya mbele mpaka mwisho, inama, pitisha mukono nyuma: unakuta laini sawa sahani. Nyuma ni mubaya zaidi, juu magurudumu ya nyuma hayageuki. Lazima ulale chini. Ku ile BMW ya seri 3, ya miaka ya 1998 na kuendelea, nyuma njo inaegama sana ikishushwa, na kule ndani vidole vinaweza kukuta nyuzi za chuma, wakati upande wa inje unaonyesha kama mupira ingali na mwaka muzima.

Ku kazi hatukubali hii hata siku moja. Mbele ya kuchukua pikapu ya kampuni, dereva anaizunguka na fishi ya kontroli mu mukono: mipira, boloni za magurudumu, frani, taa, vyote. Mupira ikionyesha waya, motokari inabaki pale pale, hata mukubwa akipiga makelele. Hakuna mutu anamucheka yule dereva. Basi juu ya nini siku ya kupumzika tunatia watoto mu motokari ambayo ku lango la karieri ingerudishwa? Wale watu wa usalama ku kazi wanatuchokesha, ni kweli, lakini ile desturi ya kuinama na kuangalia chini, waliitupa bure, na tungeweza kuipeleka nyumbani.

Ukiuliza ku garaji nyingi, jibu ni moja: “Imelala, patron, kwa hiyo inakula ndani, hakuna dawa.” Hapa hatukubaliani. Kuegama peke yake kunakula mupira polepole. Kile kinaimaliza ni pinsima, maana yake gurudumu kuelekea ndani ao inje ukiliangalia toka juu, sawa miguu ya mutu anayetembea vidole vikielekeana ao vikiachana. Karosaji inachagua upande gani utakufa. Pinsima njo inaua. Vyote viwili vikikutana, mupira mupya inaweza kwisha mbele ya mwaka kufika nusu.

Tufanye hesabu kidogo. Gurudumu likipinda degere 1 toka mustari wa njia yake, kila kilometri mupira inaburutwa kando kama metri 17. Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilometri 120. Zidisha: inapita kilometri 2. Wewe uko umekaa muzuri, muziki inaimba, na mupira yako imekwanguliwa ku gudro kilometri 2 kwa upande, sawa sabuni ku jiwe. Nusu ya degere, ni kilometri 1. Na ile nusu ya degere ni kitu gani? Ku janti ya inchi 17 ni kama milimetri 4 tu kati ya ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa gurudumu moja. Hakuna jicho la fundi linaona ile. Yule anayekuambia “nimeangalia, iko sawa” bila kipimo mu mukono, anakuuzia maneno.

Juu ya nini kushusha kunapindua pinsima, wakati fundi hakugusa volani? Mbele ya motokari nyingi iko namna ya MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani aliyeifanya miaka ya 1940. Amortiseri moja imesimama, resori imeizunguka. Chini kuna mukono wa chuma unaoshika gurudumu. Kando yake kuna biyeleti inayotoka ku volani. Mukono ule na biyeleti vinapanda na kushuka pamoja, kila kimoja kikichora duara lake. Kiwanda ilivipanga ili maduara yafanane ku urefu wake. Ukishusha motokari, unavipeleka mahali ambapo maduara yanaachana, na biyeleti inasukuma ao kuvuta gurudumu. Tena haiishii pale. Kila shimo, kila bonde, gurudumu linapanda na linageuka kidogo lenyewe, na wewe hukugusa kitu. Ku njia ambapo kamio za mizigo mizito zimechora mifereji ndani ya gudro, motokari ya namna ile inafwata mfereji na kuacha dereva. Mwenye kuendesha anasema “inacheza”. Anazoea. Anaongeza mwendo.

Na kuna neno ambalo vijana hawapendi kulisikia. Kushusha kunasaidia ku kona, ndiyo, lakini mpaka fazi moja. Ule mukono wa chini, ku urefu wa kiwanda, unainama kuelekea gurudumu. Ukishusha kidogo, unakaribia kulala sawa, na hapo motokari inashika njia. Ukishusha sana, ncha yake inapanda juu kuliko mahali inapofungwa ku motokari. Toka pale, kila mara motokari inaegama ku kona, gurudumu la inje linapoteza ile pembe iliyokuwa inalisaidia, na mupira inakanyaga ku bega lake. Motokari nayo inataka kuegama zaidi, siyo kidogo. Kwa hiyo ile iliyo chini kabisa, ile inayokwangua ku kila dodani, mara nyingi ku kona ni mubaya kuliko ile iliyotoka kiwandani. Siye tungesimama ku milimetri 30, na 40 tungefikiri mara mbili. Ile 70 ni ya kupigia picha.

Juu ya kukata resori na meleze, ao kuichoma na shalimo mpaka inakaa, tunasema kwa kifupi: apana. Moto unaharibu chuma ya resori. Na resori iliyokatwa, motokari ikiruka ku bonde na gurudumu likining'inia, inaweza kutoka mahali pake. Kama hauna falanga ya resori fupi za kweli na amortiseri zinazolingana nazo, acha motokari ku urefu wake na ungojee mushahara ingine. Haina haya.

Sasa, ile kazi yenyewe. Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo garaji zinachanganya, na mara ingine zinachanganya kwa kupenda. Paralelismu ni kurekebisha pinsima ya mbele tu, kwa kuzungusha biyeleti mbili. Ni kazi ya dakika chache. Jeometri ni magurudumu manne, pembe zote. Kwa motokari ya kushushwa, paralelismu peke yake ni kama kufunga kidonda kimoja mahali viko vitatu. Magurudumu ya nyuma yasipoelekea sawasawa, yanasukuma motokari kando, inatembea sawa mbwa anayekimbia, mwili upande na kichwa upande. Fundi atanyoosha mbele, motokari itakwenda, lakini volani itabaki imepinda, na mipira ya nyuma itaendelea kuliwa.

Mbele ya kupima pembe yoyote, fundi aguse kila kitu. Upepo wa mipira uwe sawa. Rotili zenye kulegea, silenbloki zilizopasuka, ruluma zenye kuimba, vyote vibadilishwe kwanza, juu kupima motokari yenye rotili ya kufa ni kupima mutu anayecheza. Na hapa kuna jambo kubwa ambalo fundi wengi wanaruka. Wanafunga silenbloki za mikono magurudumu yakiwa yananing'inia juu ya kriki. Silenbloki ni mpira iliyoshikwa na chuma. Ukiifunga pale, motokari ikishuka chini inajipinda, inabaki imejipinda siku zote, na inapasuka haraka. Ifungwe motokari ikiwa imesimama ku magurudumu yake, ku urefu wake mupya. Ukiweza, kaa pale na uone kwa macho yako. Fundi mwema hatakasirika.

Kiisha mupangilio: nyuma kwanza, mbele baadaye. Karosaji na shase kwanza, pinsima ya mwisho, juu ukigusa karosaji, pinsima inahama. Shase, tusichanganye na shasi ya motokari, ni ile pembe inayorudisha volani katikati yenyewe ukimaliza kona. Kushoto na kuume zikiachana, motokari inavuta upande. Volani ifungwe katikati mbele ya kugusa biyeleti.

Ku Subaru Impreza, karosaji ya mbele inarekebishwa na boloni ya juu kati ya zile mbili zinazoshika amortiseri. Kichwa chake hakiko katikati, ukiizungusha gurudumu linaegama ao linasimama. Ku BMW tuliyotaja, nyuma kuna boloni ya namna ile ile ku mukono wa chini. Mbele yake haina marekebisho makubwa ya kiwanda. Kwa hiyo fundi akisema “BMW hii haina karosaji ya kurekebisha”, mumuulize: ya mbele ao ya nyuma? Ile swali peke yake inaonyesha kama anajua kazi.

Hesabu gani tunatafuta? Kitabu cha motokari kinatangulia. Lakini kwa motokari ya njia, iliyoshushwa milimetri 30 hivi, siye tunaona vizuri mbele iegame kati ya degere 1 na 1.5, nyuma isipite 2. Kushoto na kuume zisiachane nusu ya degere. Pinsima ya mbele karibu na sifuri. Nyuma ifunge kidogo sana, kila gurudumu sehemu 1 ao 2 ya kumi ya degere, juu nyuma yenye kufungua inaruka mvua ikinyesha. Wale wanaotaka gurudumu liegame degere 6 ao 7, kama zile wanaona mu picha, wajue kwamba wanakanyaga njia na kamustari kadogo ka mupira, na ku frani ile kamustari njo inawashikilia.

Tunasikia sasa wasomaji wa mbali na garaji za mashini: “Ninyi munasema jeometri, kwetu hakuna lazeri.” Iko dawa. Mashini inasaidia, lakini pembe zilipimwa mbele ya lazeri kuzaliwa, na mutu wa mungoti anajua kupima. Tafuta sakafu ya simiti. Chukua tibu ya plastiki yenye maji, ile ya masoni, pima kama mahali pa magurudumu manne pako sawa; penye kupunguka weka ubao. Funga nyuzi mbili za kuvulia samaki, moja kila upande wa motokari, ku urefu wa katikati ya gurudumu. Nyuzi zilingane na mustari wa katikati wa motokari: pima toka katikati ya gurudumu mpaka uzi, mbele kushoto iwe sawa na mbele kuume, nyuma kushoto sawa na nyuma kuume. Mbele na nyuma hazitalingana zenyewe kwa zenyewe, juu mara nyingi upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma si moja, na hapo njo watu wengi wanapotea. Kiisha pima toka uzi mpaka ukingo wa janti, mbele na nyuma. Tofauti ya vipimo viwili ni pinsima ya gurudumu lile, mu milimetri.

Kwa karosaji, ninginiza uzi yenye risasi kando ya janti na pima juu na chini. Ku urefu wa milimetri 430, tofauti ya milimetri 7.5 ni degere 1. Chini ya magurudumu weka karo mbili mbili, grisi kati yake, ili gurudumu liteleze wakati unarekebisha. Kila ukigusa kitu, sukuma motokari nyuma na mbele metri chache, ikae, upime tena. Itachukua siku ya posho nzima. Ndugu wawili na kaka mudogo wa kushika uzi, inatosha.

Kwa zile zilizokuja na volani ya kuume na zikageuzwa hapa kwetu, tunaongeza neno. Pale fundi alitia kremayeri ingine, wakati mwingine ya motokari ingine. Kama haikufungwa sawa kwa urefu kushoto na kuume, gurudumu moja litageuka ku shimo kuliko lingine, na jeometri haitaponya ile. Hesabu meno ya biyeleti yanayoonekana kila upande. Zungusha volani toka mwisho mpaka mwisho, uone kama katikati iko katikati. Motokari ya namna hii, mbele ya kuipima vile, siye hatungeishusha hata santimetri moja.

Kuna wanaosema: falanga ya bure, njia zetu zitaharibu jeometri mu mwezi moja. Ni kweli kwamba shimo moja kubwa linaweza kupinda mukono, na tena motokari ya kushushwa haina nafasi ya kumeza shimo. Lakini angalieni hesabu ya nyumba. Kupima na kurekebisha kwa kawaida hakufiki bei ya mupira moja mupya ya inchi 17. Mipira iko 4. Mutu anayepima kila mara amebadilisha mupira, na kila mara amepiga shimo ya kumuumiza moyo, analipa kidogo kidogo. Mwingine analipa mipira mbili nyuma kila miezi, kiisha anakimbilia ile ya okazyo ambayo hajui imezeeka wapi. Akina mama mulio na daftari ya nyumba, hii ni kazi yenu pia. Mukiona mipira inanunuliwa mara mbili kwa mwaka, muulize karatasi ya jeometri iko wapi.

Na karatasi njo neno tunataka kuwaambia wenye garaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mutoe fishi. Magurudumu manne, karosaji na pinsima ya kila moja, mbele ya kazi na baada ya kazi, hata kama imeandikwa na kalamu juu mulipima na uzi. Kazi bila hesabu hatujui tunalipa nini. Ku karieri, jiwe halitoki bila kupimwa na laboratwari. Mutu anayeishi na ile kazi hawezi kukubali kwamba gurudumu linalobeba mutoto wake lipimwe na jicho. Tungependa tuone pia wateja wakikataa kulipa mpaka fishi itoke, kwa adabu, bila kelele, sawa vile mutu anangojea risiti ku péage.

Mwisho ya mwezi inakaribia, na wengi watashika njia ya kwenda kuona wazazi. Mwenye motokari ya kushushwa asingojee siku ya safari. Leo mangaribi, mbele jua halijaingia, alaze karato chini nyuma ya motokari, alale, apitishe mukono upande wa ndani wa kila mupira. Akikuta laini, aende kupima. Akikuta waya, apande basi.